Ujamaa Ulipotakiwa Kujibu Kila Swali

Mwaka 1968 Julius Nyerere alichapisha mkusanyiko wa hotuba na maandishi yake, na katika utangulizi wake aliweka onyo ambalo wafuasi wake wengi hawakulipa uzito. Alisema kwamba miongoni mwa wajamaa walikuwapo watu waliotaka kuufanya ujamaa uwe dini mpya, wakiyachukulia maandishi ya Marx na Lenin kama maandiko matakatifu na kuyapima kwayo mawazo na matendo ya kila mtu. Yeye hakukubaliana nao hata kidogo. Miaka michache baadaye, katika nchi hiyohiyo na chini ya uongozi wake mwenyewe, mikutano ya hadhara ilipambwa kwa mwito wa "Zidumu fikra za Mwenyekiti!", na umati ukaitikia "Zidumu!" bila mtu kuuliza ni fikra zipi hasa zilizokusudiwa siku hiyo.

Umbali uliopo kati ya onyo lile na kiitikio kile ndio unaonishughulisha. Duniani ipo mifano ya kutisha zaidi ya itikadi iliyotwaa nafasi ya dini, kuanzia Urusi ya Stalin hadi Kampuchea ya Pol Pot, na anayetafuta vitisho hana haja ya kuja Tanzania. Lakini mifano ile ina faraja ya uongo ndani yake, kwa sababu humruhusu msomaji kudhani kwamba maafa huletwa na watu waovu peke yao. Mwalimu Nyerere hakuwa mwovu. Hakujilimbikizia mali, aling'atuka urais mwaka 1985 kwa hiari yake, na hatari ya kuiabudu itikadi aliijua na kuiandika. Kama yote hayo hayakutosha kuikinga nchi, basi chanzo tukitafute mahali pengine kuliko katika tabia ya kiongozi. Mimi nakiona katika jambo moja: itikadi iliachwa ijibu maswali ambayo hayakuwa yake, na kila aliyetoa jibu tofauti akahesabiwa kuwa amepungukiwa na imani.

Tuanze na maswali yaliyokuwa yake. Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichokuwa kikitawala, ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Sehemu yake ya kwanza inaitwa "Imani ya TANU". Ukilisoma leo utaona kwamba maswali yake makubwa ni machache na ya wazi: nani amiliki njia kuu za uchumi, maendeleo yategemee fedha za kuomba au ardhi na kazi yetu wenyewe, na kiongozi aishi vipi. Jibu la swali la tatu linanivutia mpaka leo. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo inapimika. Mtu ana nyumba ya kupangisha au hana, na hakuna haja ya kuchungulia moyoni mwake ili kujua. Ni kweli kwamba Azimio linasema pia kuwa ujamaa ni imani, na kwamba hauwezi kujengwa na watu wasiouamini wala kuufuata, na kwa maana hiyo finyu sina ugomvi nalo. Taabu ilianza pale imani hiyo ilipotoka kwa viongozi, waliokuwa wamekubali kuibeba, ikaanza kudaiwa kwa kila mtu na katika kila jambo.

Haikuchukua muda. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza Januari mosi 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi. Kabla hata ya siku hiyo kufika, makundi ya vijana yalikwisha kuanza kuwavamia wanawake barabarani Dar es Salaam. Sketi ina urefu wake na umiliki wa mabenki una hoja zake, na mimi sioni kinachoviunganisha viwili hivyo. Aliyeamini kwamba itikadi ni mwongozo wa maisha yote, kuanzia benki hadi kabati la nguo, alikiona: vyote ni ubeberu, kwa hiyo vyote vipigwe vita kwa nguvu ileile. Na tukubali kwamba vita vya sketi vilikuwa rahisi kuliko vita vya bei ya kahawa katika soko la dunia, maana adui wake alikuwa msichana anayesubiri basi.

Hata hivyo mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa Litowa, kijiji cha Songea, kwa kuwa pale waliogongana na itikadi walikuwa wajamaa wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walikwenda porini wakaanzisha makazi ya kulima na kuishi pamoja. Walikosea, wakajaribu tena, wakajifunza, na polepole vijiji vingine vikajiunga nao hadi ukawapo Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma wenye vijiji zaidi ya 15, mashine ya kusaga nafaka, kiwanda cha kupasua mbao na shule iliyokuwa ikifundisha kwa namna yake. Waliamua mambo yao kwenye mkutano wa kijiji. Mtu aliyesoma maandishi ya Nyerere kuhusu ujamaa vijijini, yaliyotoka Septemba 1967, kisha akaenda Litowa, angeona maandishi yale yametembea. Nyerere mwenyewe aliwasifu.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo. Mali zake zikatwaliwa, na watumishi na walimu wake wakatawanywa. Kosa lake halikuwa ubepari, wala wizi, wala uvivu. Umoja ule ulikuwa umefanikiwa ukiwa nje ya ngazi za chama, na viongozi wa mkoa walipotaka kuuelekeza walikutana na wanakijiji waliozoea kuuliza maswali na kukataa. Chama kilichojiona kuwa ndicho mlinzi pekee wa ujamaa hakikuweza kuvumilia ujamaa usiopitia kwake. Hapo ndipo naona tofauti ya kweli kati ya siasa na dini ya dola: siasa ingefurahia matokeo, nayo ile nyingine ilitaka kwanza kujua ni nani aliyetoa kibali.

Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa kupigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, ambaye aliupakia mwili kwenye gari na kuupeleka mwenyewe polisi. Mwamwindi alihukumiwa na kunyongwa. Iringa ina chuo cha ualimu chenye jina la Kleruu. Tukio lile limesimuliwa zaidi kwa sura mbili, ya mjamaa aliyeuawa na kabaila na ya mkulima aliyechoshwa na dhalimu, na sura zote mbili zinawameza watu wawili waliokuwa na majina, tabia na hasira zao. Mkuu wa mkoa aliyejipa dhamana ya kufuata mtu hadi shambani siku ya sikukuu alikuwa ameamini kwamba ujamaa hauwezi kungoja kesho.

Kisha vikaja vijiji. Katika maandishi yale ya 1967 Nyerere alikuwa amesisitiza kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuwa mjamaa, na kwamba vijiji lazima vizaliwe na hiari ya watu. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika kabla ya mwisho wa 1976. Wakuu wa mikoa na wilaya, ambao kila mmoja alitaka kumaliza mapema kuliko jirani yake, waliendesha operesheni hizo kwa malori, mgambo na askari. Mahali pengi nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Vijiji vingi vilipangwa kwa mistari iliyonyooka kandokando ya barabara, mahali ambapo gari la serikali lingeweza kufika, na swali la maji, udongo na umbali wa kwenda shamba likaachwa litatuliwe na waliohamishwa. Kufikia mwaka 1977 ilihesabiwa kwamba zaidi ya watu milioni 11 walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 7,000.

Ili kuona gharama yake inatosha kulitazama zao moja, korosho, kwa sababu mkorosho ni mti na mti haupandi lori. Mtwara na Lindi familia zilikuwa zimezoea kuishi karibu na mikorosho yao, wakipalilia chini yake na kuokota kila siku wakati wa msimu. Baada ya kuhamishwa, wengi walijikuta mbali na miti waliyoipanda wao au wazazi wao. Vichaka vikaota, moto ukapita, korosho zikaozea chini. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikitegemea mavuno ya zamani, vingi vilikaa kimya na mashine zake.

Kuhamishwa hakukuwa sababu pekee. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ulishambulia maua ya mikorosho ukaenea mashamba kwa mashamba. Nayataja haya kwa makusudi, kwani ukweli wa kilimo kwa kawaida una sababu nyingi zilizofumana, na aliye na jibu moja kwa kila kitu hana pa kuziweka. Mjomba wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi huko kusini, mtu mwema, msomaji wa gazeti la chama kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Alituambia kwamba korosho zimepungua kwa sababu watu wamekuwa wavivu na wengine wanahujumu. Mabwana shamba walipoanza kuleta salfa ya kupuliza na kueleza kuhusu ubwiri unga, aliwasikiliza kwa adabu, akapuliza mikorosho yake vizuri kuliko majirani, na akaendelea kusema kwamba tatizo kubwa ni uvivu. Hakuona mgongano wowote. Mikono yake ilifuata ushahidi na ulimi wake ukafuata chama, na nadhani watu wengi wa kizazi chake waliishi hivyo.

Maelezo ya mjomba hayakuwa yake peke yake. Katika itikadi iliyogeuka imani ya kila kitu, mpango hauwezi kukosea. Wanaoweza kukosea ni watu. Kwa hiyo kila upungufu ulitafutiwa mtu wa kubebeshwa, na lugha ya kumbebesha ilikuwa tayari: kupe, mnyonyaji, kabaila, mlanguzi, mhujumu. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na ya ushirika, na katika sehemu nyingi bidhaa zikaadimika zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, wakati sukari, sabuni na unga vilipatikana kwa foleni au kwa kujuana, sababu halisi zilijulikana: ukame wa 1973 hadi 1975, bei ya mafuta, vita na Idi Amin, upungufu wa fedha za kigeni, mashirika ya umma yaliyoendeshwa kwa hasara, bei zilizopangwa bila kujali gharama. Jibu kubwa la mwaka 1983 likawa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine na sheria maalumu iliyotungwa kwa ajili hiyo. Sina shaka kwamba walanguzi walikuwapo. Lakini mlanguzi huzaliwa na uhaba, na kumkamata bila kuugusa uhaba ni kumwandalia mrithi wake soko.

Mtu anaweza kuuliza: mbona hakuna aliyesema mapema? Wapo waliosema, ila taasisi ambazo sauti zao zingepitia zilikuwa zimeondolewa moja baada ya nyingine, na jambo hili kwangu ni zito kuliko kosa lolote la kiuchumi. Tangu 1965 chama kilikuwa kimoja kwa mujibu wa Katiba. Mwaka 1972 halmashauri za serikali za mitaa zilivunjwa na madaraka yake kupelekwa kwa maofisa waliotumwa mikoani. Mwaka 1975 ukuu wa chama juu ya vyombo vyote vya dola uliandikwa rasmi. Mwaka 1976 vyama vya ushirika, ambavyo baadhi yake vilijengwa na wakulima wa kahawa na pamba tangu zama za ukoloni na vilikuwa na desturi ya kubishana na serikali kuhusu bei, vilifutwa na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Baadhi ya vyama hivyo vilikuwa na wezi na uzembe, hilo halina ubishi. Lakini kilichofutwa pamoja na wezi ni uwezo wa mkulima kusema "hapana" akasikika hadi juu kabla msimu haujaharibika.

Nyerere alilikiri hili. Katika mahojiano ya mwaka 1984 alisema kwamba kama angeanza upya yapo mambo asingeyafanya, akayataja mawili hasa: kuvunja serikali za mitaa na kufuta vyama vya ushirika. Alisema walikuwa na haraka na walikuwa hawajui. Namheshimu kwa maneno hayo kuliko kwa hotuba zake nyingi. Wakati huohuo nayaona yanathibitisha ubaya wa mfumo ulivyokuwa: kosa la 1972 lilikiriwa na mtu mmoja baada ya miaka 12, kwa wakati aliouchagua yeye, maana hapakuwa na chombo cha kumlazimisha alikiri mapema.

Ingekuwa dhuluma kuishia hapo, kana kwamba enzi ile haikuzaa kitu. Sensa ya 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma wala kuandika. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ilipunguza idadi hiyo kwa kasi ambayo nchi nyingi tajiri kuliko yetu hazikuifikia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na watoto wa wakulima wakajaa madarasani hata pale ambapo madarasa yenyewe hayakutosha. Naamini kisomo kilifaulu kwa sababu zilezile zilizokosekana vijijini. Lengo lake lilikuwa moja, lilipimwa kwa mitihani iliyoonyesha nani ameweza na nani bado, na aliyeshindwa alirudi darasani badala ya kuitwa adui. Bibi aliyekuwa hajui kusoma hakutakiwa kwanza kuthibitisha msimamo wake wa kitabaka ili apewe kalamu.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa mrengo mmoja. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, milango ya biashara ikafunguliwa, na watu wakavuta pumzi. Mwinyi, aliyepewa jina la Mzee Ruksa, alikumbukwa kwa upendo kwa sababu hiyo. Lakini taratibu soko nalo likaanza kujibu maswali ambayo hayakuwa yake. Wazazi walitakiwa kuchangia gharama za shule za msingi, uandikishaji wa watoto ukashuka, na ada ile ikafutwa mwaka 2001. Maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa kampuni ya City Water mwaka 2003, kwa imani kwamba mwekezaji binafsi lazima aendeshe vizuri kuliko shirika la umma, na mkataba ukavunjwa na serikali mwaka 2005. Kila mageuzi yaliposhindwa tuliambiwa kwamba hayakufanywa kwa ukamilifu. Mtu aliyeishi miaka ya 1970 alikuwa amekwisha kuyasikia maneno hayo, ila wakati ule waliosemwa kuwa hawajakamilika walikuwa wajamaa.

Katiba yetu mpaka leo inasema, katika ibara ya 3, kwamba Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi. Miiko ya uongozi ilikwisha kulegezwa na chama tawala katika kikao cha Zanzibar mwaka 1991, kwa hiyo katika Azimio kile kilichopimika ndicho kilichotupwa kwanza, na neno likabaki katika Katiba. Mwaka huohuo iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka pia kirekebishwe. Tume ilipendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa hoja kwamba wachache nao wana haki ya kuwa na chama chao, na pamoja na hayo ikaorodhesha sheria 40 kandamizi zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Mfumo wa vyama vingi ulianza rasmi Julai 1992, kwa marekebisho ya Katiba yaliyopita haraka. Zile sheria 40 hazikufanyiwa haraka hiyo. Nyingi kati yake zilibaki vitabuni kwa miaka mingi, zikisubiri kutumiwa na mtu yeyote, mwenye itikadi au asiye nayo.